Viwavi wa Uzi

Shangazi yangu alikuwa na kitabu cha vitambaa. Kurasa zake zilikuwa vipande vilivyobaki kwenye sare za shule, mapazia na magauni ya watu, amevikata sawasawa na kuvishona pamoja ubavuni. Kila ukurasa ulikaliwa na kiwavi mmoja. Hakuwachora, aliwatarizi: mwili kwa mishono iliyobanana, na manyoya kwa ncha za uzi alizoziacha zimesimama kisha akazipunguza kwa mkasi hadi zikawa kama brashi. Ukipitisha kidole zilikutekenya. Chini ya kila mmoja alitarizi neno moja kati ya mawili: ANAWASHA, au HAWASHI.

Nisieleweke vibaya, kazi yake haikuwa viwavi. Alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, kinatazama barabara, chenye meza ya kukatia, cherehani mbili, pasi, kioo kirefu chenye ufa, na dirisha pana lililoachwa wazi kuanzia asubuhi hadi jioni. Nje ya dirisha, hatua mbili tu, palikuwa na mti. Jina lake la kitaalamu hatukulijua, sisi tuliuita mti wa dirishani. Majani yake yalikuwa mapana na mepesi, na jua la saa nne lilipopenya katikati yake, chumba chote kiligeuka kijani, meza, kuta, hata mikono yetu, tukawa kama watu wanaoshona chini ya maji. Nilipohamia kwake baada ya ndoa yangu kunishinda, nilikaa wiki nzima kwenye cherehani ya pili bila kusema neno, nikiangalia mwanga ule ukitembea juu ya vitambaa. Shangazi hakuniuliza kitu. Alinipa sketi thelathini za shule nizipige pindo.

Mvua zikiisha, mti ulijaa wageni. Walitoka hatujui wapi, wenye manyoya na rangi ambazo hata duka la nguo lingeziogopa. Alikuwepo Bwana Shali, mweusi, mwenye manyoya meupe na ya manjano yaliyomwangukia mabegani. Alikuwepo Sufi, mweupe tupu, ambaye ukimwona kwenye jani unadhani mtu amepasua mto hapo juu. Alikuwepo Masharubu, mwenye vishungi viwili vyeusi mbele ya kichwa, anatembea kwa maringo kama amealikwa mahali. Majina yote hayo aliyatoa Shangazi. Mtaa mzima uliwaita viwavi, ukapita mbali. Yeye mtaa ulimwita Mama Viwavi, na hakukasirika.

Tangu zamani alikuwa na namna yake ya kumtambua kila mmoja, na hakuikatisha hata kama mteja amesimama na futikamba shingoni. Kwanza kichwa. Kisha idadi ya vishungi mgongoni. Kisha mstari. Kisha jani analolila, na kama analila kutoka pembeni au anatoboa katikati. Mwisho alikwenda kwenye ubao wa nyuzi, ubao uliopigiliwa misumari ukutani, kila msumari una kidonge chake cha uzi, akachukua rangi mbili tatu na kuzisogeza karibu na kiwavi, moja baada ya nyingine, hadi mojawapo ilingane naye. Hapo aliuambia ule uzi, "Umekubali," na akaanza kutarizi.

Kumshika kwa mkono ilikuwa marufuku. "Hata asiyewasha usimshike," alisema. "Na yeye ana ngozi yake." Aliwahamisha kwa jani au kwa kipande cha karatasi ya kukatia vipimo.

Katika wote, waliompa kazi zaidi walikuwa Miswaki. Aliwaita hivyo kwa sababu ya vishungi vinne vilivyokatwa sawa juu ya mgongo, mswaki kabisa, ungeweza kusugulia meno. Miswaki walikuwa ndugu wawili, kichwa kile kile, vishungi vile vile, manyoya marefu yale yale ubavuni. Tofauti yao ilikuwa mstari wa mgongoni, na namna ya kula jani. Mgongo mwekundu aliwasha, na aliwasha vibaya. Mgongo wa kijani hakuwasha. Basi.

Mwenyekiti wa mtaa wetu alikuwa fundi umeme, mwanaume mnene mwenye koleo mfukoni hata siku za mapumziko. Kila akipita dirishani ilikuwa lazima ainame aangalie kitabu. "Huyu hawashi?" alisema, kidole juu ya ukurasa. "Mlete kwangu nimwangalie waya." Alicheka peke yake hadi mwisho wa barabara. Shangazi naye alitabasamu kwa adabu, mwaka wa tano huo, mzaha ule ule.

Nitasema sasa kosa langu, maana nimelizungukia vya kutosha.

Siku zile za kwanza, nilipokuwa nashona sare za kijani kutwa nzima, nilichoka kunyanyuka kila mara kufuata uzi. Uzi wa kijani ulikuwa msumari wa saba, safu ya juu, mwisho kabisa kule pembeni. Msumari wa kwanza, jirani na bega langu, ulikuwa na uzi mwekundu ambao mimi sikuutumia. Nikabadilisha. Kijani kikaja msumari wa kwanza, nyekundu ikaenda wa saba. Kazi ya kufumba na kufumbua. Sikumwambia Shangazi kwa sababu hakukuwa na la kumwambia, ni nani anayetangaza kwamba amehamisha uzi?

Muda si mrefu nondo wakaingia kabatini wakala kurasa mbili za kitabu, zile za kitambaa cha sufu. Shangazi alicheka hadi akakaa chini. "Wamekuja kufuta picha zao za utotoni," alisema. Kurasa zenyewe zilikuwa za Miswaki, wote wawili. Msimu haukuwa wao, mti ulikuwa mtupu, hivyo akawatarizi upya kwa kumbukumbu. Nilimwona akinyanyuka, akaenda ubaoni, akagusa misumari kwa ncha ya kidole kama anayepita kwenye ngazi gizani. Niliona. Nilidhani ni mapozi ya fundi mzee.

Kuna mambo mengine niliyaona nikayapa majina mazuri. Mteja akileta kitambaa, Shangazi alimuuliza, "Wewe rangi hii unaionaje?" na mteja akafurahi kwamba anashirikishwa. Siku moja mtu alirudisha shati jeusi, vifungo vyekundu vimeshonwa kwa uzi wa kijani. Shangazi alilipokea, akalitazama sana, akasema, "Hiyo fasheni, bwana," na wote tukacheka. Alivifungua vile vifungo akanipa mimi nivishone upya. Jioni ile hakuimba. Huwa anaimba akifagia mabaki ya vitambaa, na ile jioni alifagia kimya.

Kisha mvua zikapita tena, na mti ukajaa.

Asubuhi moja Shangazi aliaga anakwenda kununua zipu. Nilibaki peke yangu na mwanga wa kijani. Nilikuwa kwenye ile hali ya usingizi wa kazi, cherehani inakwenda yenyewe, mguu unakanyaga wenyewe, mawazo yako mbali, yanaelea huko juu kwenye majani pamoja na viwavi. Akaja Mama Maziwa, mwanamke aliyetuletea maziwa kila asubuhi, na binti yake wa miaka minne mgongoni mwake. Mtoto alishuka, akaenda moja kwa moja dirishani. Kwenye ukingo wa dirisha alikuwa anatembea kiwavi, polepole, manyoya yake yanawaka kwa jua, vishungi vinne, mgongo mwekundu kama midomo ya bibi harusi.

"Anamtaka huyo," alisema Mama Maziwa. "Anawasha?"

Nikajiona mtaalamu. Nilifungua kitabu, nikatafuta. Vishungi vinne. Mgongo mwekundu. Chini yake: HAWASHI.

"Huyo hawashi," nikasema.

Mtoto alimchukua kwa vidole viwili. Akamlaza shavuni, akafumba macho, akamlaza shingoni. Alikuwa anatabasamu. Nakumbuka vizuri tabasamu lile kwa sababu lilidumu muda mfupi sana.

Hadi tunafika zahanati shingo ilikuwa imevimba na jicho moja limefunga kabisa. Muuguzi alimtoa manyoya kwa utepe wa plasta, akibandika na kubandua, mtoto analia kwa sauti nyembamba ambayo sikujua mtoto anaweza kuitoa. Alipewa dawa. Tuliambiwa uvimbe utapungua siku chache na jicho ni salama. Mama Maziwa hakunitukana. Alinitazama tu, na mimi ningependa matusi.

Shangazi alirudi mchana bila zipu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

"Nani alisema hawashi?"

"Kitabu, Shangazi."

"Mgongo wake?"

"Mwekundu."

"Mwekundu anawasha. Tangu zamani anawasha."

Nilimfungulia ukurasa. Aliweka kiganja juu yake, akakitembeza kwenye manyoya ya uzi, kutoka kichwani hadi mkiani. "Huyu unamwona wa rangi gani?" akaniuliza.

"Mwekundu."

Akafungua ukurasa wa pili, ule wenye neno ANAWASHA. "Na huyu?"

"Wa kijani."

Alifunga kitabu, akavaa kitenge, akaenda kwa Mama Maziwa. Alirudi baada ya muda mrefu. "Nimemwambia kosa ni langu," alisema, na akaketi kwenye cherehani yake bila kuiendesha. Nilitaka kuuliza kwa nini. Nilipoinua macho kuuliza, nikakutana na ubao wa nyuzi, msumari wa kwanza na msumari wa saba, na swali likanikauka mdomoni. Nilikumbuka kidole chake kikigusa misumari. Alikuwa anahesabu. Shangazi yangu, ambaye rangi zote za mti ule alizipa majina, alikuwa anazipata rangi kwa kuhesabu misumari.

Nilipaswa kusema pale pale. Sikusema. Niliogopa, na nilichokiogopa si yeye kunigombeza. Niliogopa kumwambia kwamba nimejua.

Kesho yake alikuja mwenyekiti, koleo mfukoni, uso umekunjamana. "Mama," alisema, "mtaa huu kazi ya kuwasha ni yangu. Mti nao ukianza kuwasha, tutagongana." Hakuna aliyecheka, na nadhani hata yeye hakutaka tucheke, alikuwa anatafuta tu pa kuanzia. Wazazi walikuwa wamekutana. Mti unakatwa Jumamosi asubuhi.

"Wote?" aliuliza Shangazi.

"Kuanzia shina."

Siku tatu zile tulishona tu. Mwanga ulikuja saa nne kama kawaida, ukapita mezani, ukapanda ukutani, ukatoka. Nilianza kuuaga. Nilifikiria chumba kile bila mti, jua kavu la barabarani likipiga moja kwa moja kwenye kioo chenye ufa, na Shangazi ameketi katikati yake bila kiwavi wa kumtambua. Wakati mwingine niliinua kichwa nikamkuta ameacha kazi, uso ameuelekeza dirishani, midomo inacheza. Alikuwa anahesabu tena. Majani, matawi, sijui.

Jumamosi walikuja. Mwenyekiti, mkata miti na msumeno wake wa mota, wazazi kama kumi, na Mama Maziwa na binti yake, shingo imepakwa dawa nyeupe. Shangazi alitoka na kitabu kifuani.

"Mti huu una wapangaji wengi," alisema, "na anayewasha ni mmoja. Huwa anakaa kwa ukoo, tawi moja. Mwaka huu yuko tawi lile la chini linaloelekea barabarani. Kateni lile. Wengine ndani ya wiki tatu wanaondoka wenyewe."

"Nani amekwambia hivyo?" aliuliza Mama Maziwa. Hakupandisha sauti. "Kitabu hicho hicho?"

Shangazi alikaza mikono juu ya kitabu. Mkata miti akainama kuwasha msumeno, akavuta kamba mara moja, ukakohoa ukazimika.

"Kitabu nilikiharibu mimi," nikasema.

Watu waligeuka. Nikaendelea, nikaeleza msumari wa kwanza na wa saba, kijani na nyekundu, uvivu wangu wa kunyanyuka. Nilipomaliza walikuwa wananiangalia kama ninazungumza usingizini.

"Sasa uzi ukihama msumari," alisema mwenyekiti taratibu, "kitabu kinaharibikaje? Si mtu anauona uzi ni mwekundu?"

Hapo ndipo nilipotambua nimefika ukutani. Sentensi iliyobaki haikuwa yangu. Nilimtazama Shangazi, naye alikuwa ananitazama mimi, na usoni mwake niliona kwanza mshangao, kisha kitu kama mtu anayetua mzigo.

"Kwa sababu rangi sizioni," alisema.

Alisema wazi, kwa sauti ile ile anayosema nayo kiuno inchi thelathini. Rangi zilianza kumuaga moja moja, miaka mitatu sasa. Ya kwanza kuondoka ilikuwa nyekundu. Siku moja alichukua kitambaa akakiona kama majivu, akadhani ni mwanga. Kisha kijani. Manjano ilichelewa, ilikuwa na adabu, iliondoka kidogo kidogo. Umbo analiona sawasawa, sindano anaitunga mwenyewe, pindo lake halijawahi kupinda. Asubuhi ile ya zipu alikuwa kwa daktari wa macho, na daktari alimwambia kilichochoka kiko nyuma ya jicho, hakuna miwani ya kukifikia.

"Nimewashonea nyote kwa kuhesabu misumari," alisema. "Anayetaka kitambaa chake aje akichukue, sitamlaumu."

Tulisikia viwavi wakitafuna majani. Sitii chumvi, wakiwa wengi unawasikia, ni sauti kama ya mvua inayofikiria kunyesha.

"Mama," alisema mwenyekiti, na sasa sauti yake ilikuwa nyingine, "kama rangi huzioni, utatuambiaje yupi ni yupi?"

"Nitamuuliza huyu," alisema Shangazi, akanionyesha kwa kidevu. "Nenda tawi la juu. Nieleze unachokiona."

Nilipanda kwenye kiti. Nilimweleza. Kichwa cheusi. Vishungi vinne, vimekatwa sawa. Manyoya marefu ubavuni. Mstari wa mgongoni wa kijani, kijani cha sketi za shule. Anakula kutoka pembeni.

"Hawashi," alisema Shangazi.

"Na wa barabarani?" aliuliza tena.

Niliangalia tawi la chini. Walikuwa wamelala wamebanana, kumi, kumi na tano. "Wekundu, wote. Wanatoboa katikati."

"Wanawasha. Kateni hilo."

Wazazi walitazamana. Nilielewa vizuri walichokuwa wanafikiria, maana ningekuwa wao ningefikiria hivyo hivyo. Kwa hiyo sikungoja. Nilikunja mkono wa blauzi hadi juu, nikaegemeza mkono wangu kwenye tawi, upande wa ndani pale ngozi ilipo laini, na yule wa kijani akapanda.

"Usimshike," alisema Shangazi kwa ukali. "Nilikwambia usi..."

"Simshiki. Ananitembelea tu."

Mwenyekiti alitazama saa. "Robo saa," alisema. "Mtoto alivimba kabla ya robo saa."

Nimewahi kusubiri mambo mengi maishani. Nimesubiri mume arudi, nimesubiri barua, nimesubiri majibu ya hospitali. Sijawahi kusubiri kama nilivyousubiri mkono wangu mwenyewe. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotazamia. Miguu yake ilikuwa inashika na kuachia, inashika na kuachia, kama mtu anayepima kitambaa kwa shubiri. Alitoka kifundo cha mkono, akapita kwenye mshipa, akasimama katikati, akainua kichwa akatafuta hewani kitu ambacho hakikuwepo, akaendelea. Jua la saa nne lilikuwa limefika. Mkono wangu ulikuwa kijani, nyuso za watu zilikuwa kijani, msumeno chini ulikuwa kijani, na sisi sote tulisimama chini ya maji yale tukimwangalia mdogo huyu akivuka. Sikuwa na hofu tena. Nilitamani tu mkono wangu uwe mrefu zaidi.

"Imetimia," alisema mwenyekiti.

Mama Maziwa alikuja mbele. Alinishika mkono akaugeuza kwenye mwanga, akaupitia kwa macho, halafu kwa kidole gumba, kama anayechagua nyanya. Haukuwa na kitu.

"Kateni tawi lile la chini," alimwambia mkata miti.

Tawi lilishushwa kwa kamba, likafungwa kwenye turubai pamoja na wakazi wake, likabebwa na kuchomwa kwenye kiwanja cha takataka. Shangazi alisimama mbele ya Mama Maziwa.

"Mwanangu bado anaamka analia," alisema Mama Maziwa.

"Najua. Siwezi kukwambia yameisha."

Mama Maziwa alimweka mtoto mgongoni, akafunga kanga, akakaza fundo. "Kesho ninawaletea maziwa," alisema, akaondoka.

Watu wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao siku ile ile. Wa tatu alikuja, akasimama mlangoni, akazungukazunguka, mwisho akauliza kama gauni lake litakuwa tayari Ijumaa. Jioni tulifagia. Nilimwambia Shangazi nitarudisha nyuzi kwenye misumari yake ya zamani, na nitamwomba radhi kila siku hadi achoke kunisikia.

"Nilijua," alisema.

Nilisimamisha ufagio.

"Tangu lile shati lenye vifungo. Nilijua mtu kagusa ubao, na humu ndani tuko wawili. Nilikumbuka na zile kurasa pia." Alikuwa anakusanya vipande vya uzi kiganjani, kimoja kimoja. "Ningekuuliza tu, mwanangu, huyu ni wa rangi gani? Swali moja. Nikasema, viwavi bado msimu wao. Nikasema, nitamuuliza wiki ijayo. Nilijua nikikuuliza, utajua. Na yule mtoto amelipia hayo."

"Mimi nami nilijua tangu siku ile, nikanyamaza siku tatu."

"Basi tuko ukoo mmoja," alisema, na akaanza kulia, na mimi pia, na hatukuwa na haja ya kujificha kwa vile sisi ni watu wa nyumba moja. Baadaye alipenga kamasi kwenye kipande cha pazia la mtu. Nyuzi alisema niziache zilipo, atajifunza upya. Kurasa mbili za Miswaki tulizifumua usiku haujaingia, tukazitarizi tena, yeye anashona, mimi natamka rangi.

Wiki tatu baadaye mti ulikuwa mtupu. Wote waliondoka kama alivyosema, isipokuwa mmoja aliyejifungia kwenye pembe ya fremu ya dirisha, ndani ya kifuko alichokisuka kwa manyoya yake mwenyewe. Sitadai ni yule yule aliyenipita mkononi. Asubuhi moja kifuko kilikuwa wazi, na pembeni yake ametulia nondo, mabawa bado yana mikunjo kama nguo iliyotoka kwenye sanduku.

"Katoka," nikasema.

Shangazi alikuja akainama. Alimwangalia kwa muda mrefu. "Ana rangi gani?" aliuliza, na sasa lilikuwa swali la kawaida, kama kuuliza saa.

Nilitafuta. Nilitafuta kijani kile, nyeupe, manjano, hata doa. "Kijivu, Shangazi."

"Kijivu na nini?"

"Kijivu tu. Mwili mzima."

"Hunidanganyi?"

"Haki ya Mungu, kijivu tupu."

"Basi namwona," alisema polepole. "Huyu namwona kama unavyomwona wewe."

Aliomba uzi. Nilimletea kidonge cha kijivu. Hakuniuliza kama ndio wenyewe. Alivuta uzi kidogo, akausogeza ubavuni mwa bawa, akautazama, na nondo hakujitikisa.

"Umekubali," akauambia.